Mashine ya shoti za misuli: ultrasaundi au MRI inaweza kuonyesha kama inasaidia?

Baba Winga
Wakuu habari za muda huu. Nina dogo anacheza winga, alichana ACL, ile kano ya ndani ya goti, akafanyiwa operesheni, sasa paja la mguu ule limenywea hadi bukta inapwaya upande mmoja. Fizio anambandika pedi za EMS, zile za shoti za umeme, misuli inaruka yenyewe, dogo analalamika inauma lakini anaipenda maana akitoka pale paja limejaa. Mimi ndo nalipa, nataka kujua kuna kipimo cha picha kinachoonyesha misuli inarudi kweli au tunapigwa tu? MRI bei imechangamka jamani.

FizioWaTanga
Mkuu huko kujaa kusikudanganye, ni maji na damu vimeingia kwenye misuli baada ya kazi, ukimpiga ultrasaundi saa hiyo utaona unene umeongezeka ushangilie bure. Apimwe KABLA ya pedi, amelala chali, goti limenyooka, misuli imelegea. Mpimaji aanzie juu ya kifupa cha goti, apime kwa tepu kupanda pajani, aandike sentimita, maana wiki sita mbele lazima arudi palepale. Na asikandamize kile kidude cha ultrasaundi, akikandamiza misuli inabonyea namba inashuka. Mguu ulio mzima nao upimwe. MRI ya nini hapo.

Sindano Butu
MRI ina kazi yake lakini. Kuna kipimo kinaitwa T2, misuli ikitoka kufanya kazi inang'aa kwenye picha sababu ya hayo hayo maji. Watafiti Adams na wenzake Marekani, 1993, walipiga picha za mapaja baada ya shoti wakakuta umeme haugusi misuli yote sawa, kila mtu na ramani yake, na hata misuli ya ndani karibu na mfupa inaweza kuguswa umeme ukiwa mdogo tu. Halafu shoti inaamsha nyuzi zilezile kila mara, hazipokezani zamu kama ukikaza mwenyewe, ndo maana paja linachoka chap. Fizio awe anasogeza pedi.

Mama Kocha
Na asiongeze umeme kwa sifa! Kuna watu walivaa zile suti za EMS mwili mzima siku ya kwanza tu wakaishia wodini, misuli imeharibika, mkojo rangi ya Coca, figo hatarini.

Baba Winga
Asanteni sana. Sasa picha ikionyesha paja limelingana na lingine, arudi uwanjani?

FizioWaTanga
Hapana mkuu, picha inakupa ukubwa, haikupi nguvu. Baada ya ACL ubongo wenyewe unaibania ile misuli ya mbele ya paja, inaweza kuwa nene na bado ikawa goigoi. Apimwe nguvu miguu yote miwili, aruke kwa mguu mmoja, daktari aliyempasua aseme.

Baba Winga
Sawa, Jumatatu kabla ya pedi tunapitia ultrasaundi. Dogo anauliza anyoe mapaja?

Sindano Butu
😂 Asinyoe, jeli inatosha. Avae bukta pana tu.