Dogo kampiga mpangaji mwenzake, anadaiwa laki nane ili kesi iishe. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kazozana na mpangaji mwenzake kisa hela ya umeme wa Luku. Jamaa kamtukania mama, dogo kamshushia ngumi ya mdomo. Jamaa kashonwa nyuzi tatu, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) anayo, jalada limefunguliwa. Dogo yuko nje kwa dhamana. Jamaa anasema bila laki nane atamfunga miaka mitano. Mitano kweli kwa ngumi moja? Na lile tusi je?

Bush Lawyer: Mitano ipo, hajakutisha bure. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili. Angempiga kibao kisichoacha jeraha ingekuwa 240, shambulio la kawaida, mwisho mwaka mmoja. Nyuzi ndizo zimempandisha. Ila mitano ni kikomo, hakimu anaweza kutoa faini, fidia au kifungo cha nje. Na ikisikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kifungo hakizidi miezi 12.

mzee wa Temeke: Toeni hela yaishe. Mahakamani mtazunguka mpaka soli iishe.

Bush Lawyer: Mzee, hapo unampoteza. Mlalamikaji hafungi mtu, na jalada si lake, ni la Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki. Akishakula laki nane yenu chumbani, kesi inaweza kuendelea vilevile. Mkipatana, andikeni, mashahidi wasaini, kisha jamaa mwenyewe akamwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka kwamba hataki kuendelea. Wao ndio wataamua.

Mama Nasri: Samahani, kuna yeyote kwenu aliyekwenda kumjulia hali huyo aliyepasuliwa mdomo? Naona mnahesabu hela tu.

kijiwe_nongwa: Kutukaniwa mama nami ningerusha 😂

Bush Lawyer: Ungekaa naye mahabusu. Tusi nalo ni kosa, kifungu cha 89, dogo angeweza kumshtaki jamaa. Lakini kujitetea ni pale unaposhambuliwa, si unapotukanwa. Tusi litamsaidia dogo kuombea adhabu nafuu, basi.

Mleta mada: Shukrani wakuu. Mama Nasri umenigusa, kesho asubuhi naenda na shangazi. Nitamwomba risiti za hospitali tuanzie hapo. Dogo namwacha nyumbani, mdomo wake bado una moto.

Mama Nasri: Mwacheni, ila tarehe ya kuripoti polisi asikose, wasije wakafuta dhamana.