Kikundi cha ukoo: misahafu imerudi kabatini

Ami Suleiman: Asalaam alaykum warahmatullah wanangu. Nimepita majumbani mwenu wiki hii kutoa mkono wa Idi. Misahafu imesharudi juu ya makabati, mifuko imefungwa zipu. Ramadhani kila mtu alikuwa na juzuu yake, moja ya zile sehemu thelathini za Qurani. Sikuja kulaumu. Nataka tupange kisomo cha kila siku, mwaka mzima.

Hamad (Muscat): Waalaykum salaam, shikamoo ami. Niko tayari. Msahafu wa Madina una kurasa 604, juzuu ni kama kurasa 20. Kurasa nne kila baada ya sala ya fardhi, juzuu imekwisha kwa siku, na mwezi tumekhitimu, Qurani nzima imekwisha. Tuanze kesho wote.

Mwanakhamis (Dar): Kaka Hamad, mimi nina mtoto mchanga na zamu za usiku wodini. Kurasa 20 zitanishinda kabla ya Ijumaa, kisha nitaacha moja kwa moja. Naomba kidogo nitakachodumu nacho.

Ami Suleiman: Marahaba Hamad. Hima yako naipenda, ila dada yako kasema kweli. Abdullah bin Amri aliambiwa na Mtume (SAW) akhitimu kwa mwezi. Akasema naweza zaidi, akazidi kuomba mpaka akafika siku saba. Alipozeeka na nguvu kumwishia, akatamani lau angeipokea ile rukhsa ya mwanzo. Na Bibi Aisha katupokelea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni yenye kudumu, hata ikiwa kidogo. Mimi nasema ukurasa mmoja, baada ya Alfajiri, kabla mtu hajashika simu. Na maana yake.

Shangazi Zuwena: Na maana yake! Hilo ndilo la kulishika. Chuoni tulihifadhishwa Juzuu Amma yote, ile ya mwisho, na wengi humu wanasali kwa sura ya Wadhuha tangu utotoni bila kujua inasema nini. Jana nilikaa na wajukuu barazani tukaisoma na tafsiri yake. Aya 11 tu. Mola anamkumbusha Mtume kwamba alikuwa yatima akampa makaazi, alikuwa mhitaji akamtosheleza. Kisha ndiyo inakuja amri: basi yatima usimwonee, na mwenye kuomba usimkemee. Nassra akaniuliza, bibi, na mwenye kuuliza je? Nikafungua maelezo. Wako wanazuoni waliosema aya inamgusa hata anayeuliza kutaka elimu. Akanitazama, akasema, basi nikiuliza sana msinikaripie. Uji ulipoa mezani bado tumo kwenye sura hiyohiyo.

Hamad (Muscat): MashaAllah. Hapo nimekuelewa shangazi. Nakubali ukurasa mmoja.

Mama mdogo Asha: Nyinyi endeleeni, mimi nitakuwa nasikiliza tu. Darasa la watu wazima nimelianza ukubwani, bado nafuata herufi kwa kidole na nakwama kila neno. Ukurasa kwangu ni asubuhi nzima.

Mwanakhamis (Dar): Mama mdogo, tafadhali usijitoe. Mtume (SAW) kasema anayesoma kwa kukwama na kwa tabu ana ujira mara mbili. Wewe ndiye wa kwanza kuwemo humu. Ukurasa wa ule msahafu una mistari 15. Soma mitatu kila baada ya sala, ukimaliza Isha ukurasa umetimia.

Mama mdogo Asha: Mitatu naiweza.

Hamad (Muscat): Nami kila usiku nitakutumia sauti, nikiisoma polepole mistari yako ya kesho. Unisomee na wewe, nitasikiliza nikitoka kazini nikurekebishe matamshi. Usione haya, ni mimi mwanao.

Salma: Shangazi, na sisi wanawake siku za udhuru wa hedhi? Hapo ndipo mimi ninapokatikiwa kila mwezi. Nikirudi kusali, kisomo kimeshapoa.

Shangazi Zuwena: Umeuliza la maana mwanangu. Wakati uleule wa Alfajiri usiuache. Kaa palepale, sikiliza kisomo, lete adhkari za kumkumbuka Mola, soma maisha ya Mtume. Kuhusu kusoma aya zenyewe wanazuoni wamekhitilafiana, muulize ustadhati wako ufuate atakalokwambia.

Mwanakhamis (Dar): Na siku ikinipita kabisa?

Ami Suleiman: Endelea ulipoishia. Usijirundikie kurasa za kulipa, utaukimbia msahafu kama mdaiwa.

Salma: Tuweke orodha humu, aliyesoma atie alama?

Shangazi Zuwena: Hapana, mimi siafiki. Mtu atasoma ili jina lake lionekane, na aliyeshindwa siku moja atanyamaza mwezi. Bora jioni anayetaka aandike jambo moja alilolipata kwenye aya, au swali lililomkwaza. Ami wenu atajibu, asilolijua atampelekea sheikh.

Ami Suleiman: Naam. Tunaanzia Juzuu Amma, sio Baqara kule mwanzoni mwa msahafu. Kurasa zake ni 23, sura tunazijua kwa moyo, kazi itakuwa kwenye maana. Haifiki mwezi tumeimaliza.

Salma: Kesho basi ni Amma yatasaaluun, sura ya kwanza ya juzuu hiyo.

Mwanakhamis (Dar): Ami, tafsiri mimi sina. Kwenye simu nikifungua, zinaingia meseji za kazini nasahau nilichokuwa nikisoma.

Ami Suleiman: Ya Sheikh Abdalla Farsy ninazo mbili, moja ni ya marehemu babu yenu. Yangu chukua wewe. Ina maelezo chini ya aya, usiyaruke.

Mwanakhamis (Dar): Allah akulipe kheri ami. Itie kwenye boti ya kesho mchana, Yussuf ataipokea bandarini.

Ami Suleiman: InshaAllah. Mwambie awe na udhu.