Kipima uga wa umeme penye vumbi la mkonge: ninapima uga au ninapima vumbi?

Mgeni wa Pongwe:
Ndugu zangu, nina kipima uga wa umeme (yaani nguvu inayosukuma chaji angani) cha sahani inayozunguka, nimekifunga juu ya mlingoti wa chuma wa mita mbili nje ya ghala la mkonge hapa Tanga, jirani na mashine za kupigia brashi nyuzi. Alfajiri, anga ikiwa safi, kinasoma kama volti 120 kwa mita, nami nikaridhika, kwa kuwa uga wa kawaida karibu na ardhi ni volti 100 hadi 150 kwa mita. Mashine zikiwashwa, kipimo huvuka sifuri, kikaruka hadi maelfu, na jioni hakirudi kilipoanzia. Kosa liko wapi?

Fundi wa Chumbageni:
Unapima vyote viwili, kaka. Kuvuka sifuri peke yake si kosa: chembe zinaposuguana hugawana chaji, na katika mchanga, kwa mfano, chembe ndogo mara nyingi hubaki na chaji hasi na kubwa chaji chanya, kwa hiyo kubwa zikitangulia kutua, uga uliobaki angani unaweza kugeuka mwelekeo kwa kweli. Ninachokitilia shaka ni hicho cha jioni. Chembe zinazogonga elektrodi, yaani bamba la chuma linalohisi uga ndani ya kifaa, huacha chaji yake hapo, na zile zinazoganda huendelea kuonekana kama uga hata hewa ikishatulia. Chukua sufuria safi ya chuma, iunge na erthi, ukifunike kifaa kizima bila kugusa sahani. Kitakachosomwa humo ndani si cha angani.

Mama Maabara:
Niongeze jambo la pwani. Vumbi likichanganyika na chumvi ya bahari juu ya kihami, yaani kipande kinachozuia umeme usivuje, kisha umande ukalilowesha, chaji huvuja na kipimo hupotoka kimyakimya. Safisha kwa spiriti, ukague pia brashi inayounga sahani inayozunguka na erthi. Na hiyo 120 isikufariji, mwanangu: mlingoti wa chuma hukusanya uga kileleni, hivyo uga halisi ni mdogo kuliko unavyosoma, mpaka ulinganishe na kifaa kilichozikwa sawa na usawa wa ardhi. Wengine hukielekeza chini kupunguza vumbi. Nao hulazimika kulinganisha vivyo hivyo.

Mgeni wa Pongwe:
Shikamoo mama, na asante kaka. Nimekifunika jioni hii: ndani ya sufuria kimesoma 300. Natafuta spiriti.