Vitz ina taa tatu dashibodini: ipi ya kusimama papo hapo, ipi naweza kufika nayo Mbeya?

Msafiri_T

Wakuu heshima kwenu. Gari ni Vitz ya 2007, cc 1000, otomatiki. Ijumaa natoka Dar kwenda Mbeya, Jumatatu narudi. Watu wanne na mizigo. Hali ya dashibodi:

Cheki injini ya njano ina wiki ya pili. Haipepesi, gari linavuta vizuri ila linakula mafuta kuliko zamani. ABS (mfumo wa kuzuia matairi kujifunga ukifunga breki) huwaka nikitoka barabara ya vumbi, mara nyingine inazima yenyewe. Ya betri, nyekundu, inawaka kwa mbali nikiwa kwenye foleni na AC. Nikikanyaga mafuta inazima.

Fundi wa mtaani anasema nichomoe terminali ya betri dakika kumi, taa zote zitafutika, niende zangu. Gari halina mshale wa joto, kuna taa ya buluu tu, nayo siku hizi inachelewa mno kuzima asubuhi. Naombeni ufafanuzi.

Kirungu

Mkuu, kabla ya hizo tatu fanya kipimo ambacho hakina gharama. Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa za onyo zote zinatakiwa kuwaka: oili, betri, cheki injini, ABS, airbegi. ABS na airbegi zitazima zenyewe baada ya sekunde chache. Oili, betri na cheki injini zitabaki hadi injini iwake. Taa ambayo haikuwaka kabisa iogope kuliko inayowaka, maana ama balbu imekufa au kuna mtu aliiua kabla ya kuuza gari. Ya airbegi ndiyo inayochezewa zaidi: waya wake unaungwa kwenye taa ya oili au ya betri. Ukiona airbegi inazima sekunde ileile na oili, pale injini inapowaka, ujue umeuziwa mchezo.

Rangi unazijua: nyekundu simama, njano nenda kwa fundi mapema, kijani na buluu ni taarifa tu. Ila nyekundu zenyewe hazilingani uzito.

Ya oili, ile ya kibirika kinachodondosha tone, haina mjadala. Haipimi wingi wa oili, inapima presha, na huwaka presha ikiwa karibu imeisha. Wakati huo beringi za krenki zinasuguana chuma kwa chuma. Toa mguu, ingia pembeni, simama, zima. Usijiambie "sheli iko mbele kidogo". Subiri kama dakika kumi oili ishuke, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha usome. Injini yako inabeba lita tatu na kidogo kwa jumla, kwa hiyo ikipungua lita moja umepoteza karibu theluthi. Kama oili iko kwenye alama na taa bado inawaka, usiwashe tena. Huenda ni switchi tu ya bei ndogo, lakini hilo linathibitishwa kwa geji ya presha, si kwa kuendesha uone kama itanoki.

Joto: kwa magari yasiyo na mshale, buluu maana yake injini bado baridi, nyekundu inachemsha. Ikiwaka nyekundu zima AC, washa hita kwenye moto wa mwisho na feni ya mwisho. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Isipozima ndani ya dakika moja, simama na uzime injini. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka mpira wa juu uwe unabonyezeka kwa mkono bila kukuunguza, na hiyo ni nusu saa au zaidi. Maji yaliyo ndani yana presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu yanageuka mvuke usoni pako. Wala usiimwagie injini maji ya baridi, silinda hedi ni aluminiamu, inapinda.

Jambo moja wengi hawalijui: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na inaweza isisome joto halisi. Kwa hiyo hita ikianza ghafla kutoa hewa ya baridi wakati injini ina moto, maji yamekwisha hata kama taa haijawaka.

Spana_14

Buluu inayochelewa kuzima, ulaji wa mafuta, cheki injini isiyopepesa. Hapo nawaza themostati. Uliza kama kuna fundi aliyeitoa "kwa sababu huku kwetu kuna joto". Hiyo imani imeharibu magari mengi. Themostati inabaki imefunga hadi maji yafike takriban nyuzi 82 ndipo inayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ikitolewa, au ikikwama wazi, maji yanazunguka tangu mwanzo, injini inakaa baridi, kompyuta nayo inazidi kumwaga petroli kama vile ndiyo kwanza kumekucha. Kodi yake, yaani namba ya kosa inayotolewa na kompyuta ya gari, ni P0128. Weka mpya, jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji, sio maji ya bomba matupu, maana yanakula pampu na kutia kutu.

Lakini usibuni, pima kwa mashine, soketi iko chini ya usukani. Kodi utakazokutana nazo zaidi:

P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka.

P0420 ni masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Kama yaliwahi kutolewa yakauzwa, taa haitazima mpaka yarudi, na anayekwambia ataizima kwa ujanja wa sensa anakuuzia upofu.

P0301 hadi P0303 ni silinda fulani kutochoma. Nambari ya mwisho ndiyo silinda yenyewe. Hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke kwa jirani yake, futa kodi, endesha. Kosa likihamia silinda ya jirani, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, angalia plagi, kisha nozeli.

Na hapa tofauti ya kupepesa na kutopepesa inahusika. Cheki injini ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika kwa fundi. Ikipepesa, petroli isiyochomwa inaingia kwenye masega na kuwaka humo humo. Masega yanayeyuka, na ukiegesha juu ya majani makavu unaweza kuwasha moto chini ya gari. Punguza mwendo palepale, isipoacha simama.

Kuchomoa terminali: taa inazima, ubovu unabaki, na ushahidi umeufuta. Kompyuta inasahau pia ilivyojifunza sailensa (injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta), kwa hiyo gari litayumba raundi siku ya kwanza. Baada ya safari mbili tatu taa inarudi, na bahati yako itairudisha ukiwa Ruaha Mbuyuni usiku.

Umeme_Juu

Wakuu wameiruka ya betri, nami kwa safari hii naiona ndiyo nzito kuliko zote tatu. Nunua au azima mita ya umeme, pima kwenye nguzo za betri zenyewe, si kwenye vibanio:

Asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 betri limejaa, 12.2 limebaki nusu.
Sailensa bila mzigo: 13.8 hadi 14.5.
Sailensa na AC, taa kubwa, feni ya ndani: isishuke chini ya 13.2.
Ikipita 15, regileta (kidhibiti volti cha altaneta, mashine inayochaji betri) imekufa kwa upande wa pili, inapika betri.

Usikubali fundi achomoe terminali injini ikiwa inaunguruma "kupima altaneta". Betri ndilo linalotuliza umeme. Likitoka, volti zinaruka juu na kompyuta inaweza kuondoka nazo.

Tuletee namba.

Msafiri_T

Shukrani sana. Nimepima: asubuhi 12.3. Sailensa bila mzigo 13.0. Sailensa na AC na taa 12.1. Raundi 2000 na mzigo uleule 13.7. Themostati nimeuliza, ni kweli ilitolewa mwaka jana. Nikiondoka hivi hivi bila AC?

Umeme_Juu

Usiondoke hivyo. 12.1 injini ikiwaka maana yake betri linatoa, halipokei. Betri la NS40 ni kama ampia 35 kwa saa, na lako asubuhi lina kama nusu tu. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula karibu ampia 9, bado feni ya rejeta, pampu ya petroli, koili na kompyuta. Altaneta ikikata kabisa usiku, hesabu dakika, usihesabu saa. Tena usukani wa Vitz ni wa umeme: volti zikianguka unakuwa mzito ghafla, tena kwenye kona.

Anza na rahisi. Kwanza safisha vibanio vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi. Ule unga mweupe uoshe kwa maji moto na magadi, kaza. Pili mkanda: zima injini, kagua upande wa ndani. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, unateleza, badilisha. Tatu, kwa kuwa raundi zikipanda umeme unarudi, kaboni za altaneta nazo ni mtuhumiwa. Zikibaki milimita chache hazigusi vizuri. Kubadilisha kaboni ni kazi ndogo, huhitaji altaneta nzima ya mtumba. Ukimaliza rudia kipimo kilekile cha AC na taa. Ukipata 13.2 kwenda juu, tembea.

Huo mkanda ndio pia unaozungusha pampu ya maji kwenye injini yako. Kwa hiyo njiani ikiwaka ya betri kwa nguvu na isizime hata ukikanyaga mafuta, usianze kuhesabu umeme uliobaki. Simama uangalie mkanda upo. Kama umekatika, ya joto inafuata baada ya dakika chache.

Kuhusu ABS yako: volti zikishuka, kompyuta ya ABS hujizima na kuwasha taa. Tengeneza umeme kwanza, ndipo uangalie kama bado inawaka.

Kirungu

Naongezea hapo hapo. Ikibaki baada ya umeme kukaa sawa, sensa za kwenye habu ndizo za kufuata. Vumbi la chuma linaganda kwenye ncha yake, au waya umekatwa siku ya kubadilisha beringi au shokapu. Kuifuta kwa kitambaa na petroli kidogo mara nyingi kunatosha, lakini fuata waya wote hadi kwenye plagi yake.

ABS ya njano peke yake: breki ziko vilevile, ila ukikandamiza kwa nguvu matairi yatajifunga na usukani hautakusikia. Ongeza nafasi, unaweza kufika. ABS pamoja na ile nyekundu ya breki: hapo mgawanyo wa nguvu mbele na nyuma umekufa pia, matairi ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya mbele na gari likageuka. Usisafiri.

Nyekundu ya breki peke yake, hakikisha kwanza hendibreki imeshuka yote. Kisha fungua boneti uone kikopo. Mafuta ya breki yakishuka taratibu kwa miezi, mara nyingi ni pedi zilizokwisha, kwa hiyo usiongeze tu ukafurahi. Pedi chini ya milimita 3 zitoke. Yakishuka kwa siku mbili, kuna mahali panavuja.

Kitonga, ule mlima wenye kona kabla ya Iringa. Kwenda unaupanda: AC zima ukiwa chini, na kama gari lina kitufe cha O/D kibonyeze. Taa ya O/D OFF isiyopepesa si ubovu, inakwambia gia ya juu imefungwa. (Ikipepesa yenyewe, hapo gia boksi inalalamika.) Kurudi ndiko kwenye hatari. Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, 2 au L, au B na S kwa zenye mkanda wa CVT, breki iwe ya kugusa na kuachia. Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205, yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka 140. Ukishuka umelaza mguu kwenye pedali yanatoa mapovu, pedali inakuwa laini kama godoro, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Kama hujui yaliwekwa lini, yabadilishe yote kabla ya Ijumaa.

Ukilazimika kusimama, usisimame kwenye kona. Hazadi washa ukiwa umesimama. Ukiendesha nazo, wa nyuma hajui unakata kushoto au kulia. Trayango weka mita 50 au zaidi nyuma, na kama kuna kona, nyuma ya kona. Matawi ya miti yasichukue nafasi yake, usiku hayaonekani. Na ndani ya hifadhi ya Mikumi si mahali pa kushuka kufungua boneti, kwa hiyo kagua maji na oili Morogoro mjini.

Msafiri_T

Nimewaelewa wakuu. Kesho umeme na mkanda, keshokutwa themostati, kulanti na mafuta ya breki. Mita ya umeme inabaki kwenye gari. Nikipata chini ya 13.2 Alhamisi jioni, tunapanda basi.