Kutoka Cayman 987 kwenda 981 au 718: ni kupanda au kushuka?

Kona Ndefu:
Wakuu, naomba mnisaidie kufikiri. Ninayo Porsche Cayman S ya 2006, kizazi cha 987, injini ya lita 3.4 imekaa nyuma ya mgongo wangu, gia ya mkono. Ni mwaka wa saba huu niko nayo. Sasa nimepata nafasi ya kuhamia kizazi kilichofuata, 981, au niruke nifike 718. Kila ninayemuuliza anasema chukua jipya, unangoja nini. Lakini juzi nimeendesha 981 nusu saa nikarudi na maswali. Mlango unafunga kwa uzito, kiti kinakukumbatia, breki hazina utani. Ila mikono yangu ilikuwa kama imevaa glavu. Kwenye gari langu nikiwa katikati ya kona ndefu, stelingi inakuwa nyepesi kidogo kabla tairi za mbele hazijaanza kuteleza, na hapo najua nipunguze. Kwenye 981 habari hiyo sikuletewa. Ni mimi sijaizoea, au kuna kitu wamekitoa? Nihame au nibaki?

Silinda Sita:
Wamekitoa, mkuu. 987 ndiyo ya mwisho kuwa na stelingi ya haidroliki. Boxster ya 2012, ndugu yake Cayman anayefunguka paa, na Cayman ya 2013, yaani 981, zimekuja na mota ya umeme. Mimi nina 981 S, naipenda kufa, lakini kwenye stelingi siwezi kukudanganya. Kwa mengine yote umepanda: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umeongezwa milimita 60, gari limetulia kwenye mwendo mkubwa, na bodi ni ngumu zaidi bila kuongezeka uzito. 718 usiiguse. Wametupa silinda sita wakaweka nne na turbo, asubuhi ikiwaka utadhani inakohoa. Na ukichukua 981, iwe ya gia ya mkono, siyo PDK, ile ya klachi mbili inayojibadilishia gia. Mwenye PDK ni abiria aliyepewa stelingi ashikilie.

Klachi Mbili:
Nimesoma sentensi ya mwisho mara tatu nione kama nimekosea. Abiria?
Goti langu la kushoto limepasuliwa mara mbili. Nilikuwa na 987 ya gia ya mkono, nikaiuza machozi yakinilenga, kwa sababu kila foleni ilikuwa adhabu. Klachi mbili ndizo zilizonirudisha barabarani. Wapi nifunge breki nachagua mimi, gia nachagua mimi kwa vidole, mstari wa kona nachagua mimi. Abiria anachagua nini?

Silinda Sita:
Pole sana kwa goti, ndugu yangu, lakini goti lisiingizwe kwenye hoja. Nimezungumzia gari, sikukuzungumzia wewe. Gia ya mkono inakulazimisha uipange kona kabla hujafika: unakanyaga breki, ukingo wa kiatu unagusa akseleta, klachi inaachiwa, gia ya pili imeingia bila gari kushtuka. Ukikosea linakwambia hapohapo. Hiyo ndiyo raha ya injini ya katikati, gari linajibu kila unachofanya.

Klachi Mbili:
Hukuzungumzia gari. Uliandika "mwenye PDK". Mwenye ni mtu.

Dada Turbo:
Wakati ninyi mnashikana mashati, kuna mtu ameambiwa asiguse 718 kwa sababu inakohoa. Niseme na mimi, maana ninayo, ya 2017, lita 2.0. Nguvu za farasi 300 na nguvu ya kuvuta nyutonimita 380 kuanzia mizunguko 1,950 kwa dakika. Cayman S ya 981, na lita zake 3.4, ina nyutonimita 370, na lazima uikamue ndipo uzipate. Boxster S ya 718 ilizunguka Nordschleife, ile njia ndefu ya mashindano kule Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 42, sekunde 16 pungufu ya ile iliyoitangulia. Na hiyo namba 718 hawakuiokota. Ilikuwa gari la mashindano la 1957, injini katikati, silinda nne zilizolala, likashinda Targa Florio, mashindano ya barabarani ya Sisilia, Italia, 1959 na 1960. Silinda nne ndiyo damu ya gari hili. Hizo sita zenu zimeingia kwenye Boxster mwaka 1996.

Silinda Sita:
Targa Florio ya wakati ule si ilikuwa ya Ferrari?

Dada Turbo:
Ferrari walishinda 1958, wakashinda tena 1961. Katikati hapo ni 718, miaka miwili mfululizo.

Silinda Sita:
Sawa, nimekubali. Lakini hakuna anayeamka saa kumi na moja alfajiri akaende kutafuta barabara tupu kwa ajili ya nyutonimita. Mimi naamka kwa ajili ya sauti. Ukipita mizunguko 5,000 injini ile inabadilika, inaanza kuimba, na ikifika 7,500 shingo yote inasisimka. Turbo yako imeshamaliza maneno hapo.

Dada Turbo:
Na wewe kufika 7,500 kwenye gia ya pili uko zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Gia za 981 ni ndefu mno, kila aliyeiendesha analijua hilo. Huo wimbo unausikia mara moja kwa wiki. Mimi nguvu zangu ninazo kila ninapotoka kwenye kona.

Fundi Spana:
Naona mnabishania rangi ya mlango na msingi wa nyumba hamjauangalia. Mleta mada, la kwanza siyo stelingi. Gari lako ni la 2006, kwa hiyo ndani ya injini ile kuna shafti ya kati inayozungusha minyororo ya kemshafti, na shafti hiyo imekaa kwenye beringi. Beringi ikisagika, vipande vinaingia kwenye oili na injini nzima imekwisha. Ile ya injini za baadaye kama yako ni kubwa na inavumilia kuliko ya zile za mwanzo, lakini huwezi kuibadilisha bila kupasua injini vipande viwili. La pili, lita 3.4 hizo zinajulikana kwa mikwaruzo kwenye kuta za silinda. Ikianza kunywa oili na kugonga tik-tik ikiwa ya moto, anza kuogopa. Umekalia bomu, ukipenda ukubali.
Kuanzia modeli ya 2009 walibadilisha injini. Hiyo shafti haipo tena, na Cayman S ikapanda kutoka farasi 295 hadi 320, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Na bado ni 987, stelingi bado ni haidroliki. Liangalie hilo kabla hujaruka kizazi.

Kona Ndefu:
Fundi, bomu? Miaka saba hiyo sijawahi kulikanyaga likiwa baridi hata siku moja. Nangoja joto la oili, nusu saa nzima natembea taratibu, watu wananipigia honi. Oili nabadilisha kila kilomita 8,000, na haijawahi kupungua kati ya sevisi na sevisi. Halafu mtu hajawahi hata kulisikia likinguruma analiita bomu.

Fundi Spana:
Sijasema hulitunzi. Beringi haijui kama unaipenda. Ukibadilisha oili safari hii, filta usiitupe. Ikate, toa karatasi yake, ifungue ile mikunjo yote juani, kisha pitisha sumaku. Chuma kinachonata na vile vinavyong'aa kama vumbi la fedha, vyote vinaonekana. Halafu chomoa plagi, ingiza kamera ndogo kwenye tundu, angalia kuta za silinda zote sita. Ni kazi ya siku moja. Hapo utazungumza ukiwa na ushahidi.

Klachi Mbili:
Bado sijajibiwa. Anayesema mwenzake ni abiria aje aeleze, hata kwa sentensi moja. Kosa langu ni lipi?

Mpita Njia:
Jamani, na mkumbuke hizi za petroli zimeshafungwa. Ulaya 718 za kawaida ziliondolewa sokoni 2024 kwa sababu ya moshi, na Oktoba 2025 kiwanda kikaacha kuzitengeneza kabisa.

Dada Turbo:
Siyo moshi. Ulaya ilikuwa kanuni za kulinda kompyuta za gari zisiingiliwe na wadukuzi. Mfumo wa umeme wa 718 ulikuwa wa zamani, kuubadilisha ilikuwa kazi kubwa kwa gari linalokaribia kuondoka. Oktoba 2025 ni kweli.

Mpita Njia:
Ahsante dada, ni hizo kanuni, nimekumbuka. Hoja yangu ni kwamba anayetaka aharakishe.

Silinda Sita:
Aharakishe aende wapi? Akitaka 718 ya maana ni GTS 4.0 ya 2020. Lita 4, silinda sita, haina turbo, farasi 400, inazunguka hadi 7,800. Wenyewe kiwandani walirudisha sita baada ya kusikia kilio cha watu. Hilo peke yake linamaliza ubishi kuhusu silinda nne.

Dada Turbo:
Halimalizi kitu. Zile nne ziliendelea kuuzwa pembeni yake hadi mwisho. Na umeona ulichofanya? Mwanzo ulisema 718 isiguswe, sasa umeisifia. Kumbe tatizo halikuwa gari, ni sauti tu. Mimi gari langu nimelifunga breki nikishuka mlima kwenye mvua, kona inajifunga kadiri unavyoingia, na lilikaa chini ya kiuno changu kama limeshikwa na mkono. Nyuma halikunyanyuka wala kuyumba. Ukiwa na uzito wa injini katikati ya magurudumu, gari linageukia kitovuni mwake, na waliotengeneza 718 walilijua hilo kuliko waliotangulia. Nilishuka, miguu inatetemeka, nikaligusa bodi nikasema ahsante. Usiniambie gari hilo linakohoa.

Silinda Sita:
Hilo naliheshimu, dada. Kuhusu shepu na mwendo wa 718 sina ubishi.

Klachi Mbili:
Dada ameheshimiwa. Mimi nangoja.

Silinda Sita:
Haya, ndugu. Neno "mwenye" nalirudisha, halikuwa na adabu, na sikujua habari za goti. Nisamehe. Lakini hoja yangu ya gia siiondoi. PDK inabadilisha haraka kuliko binadamu yeyote, nakubali, na ndiyo maana inaninyang'anya kitu. Kile kipande cha sekunde ambacho mkono umeshika gia na gari halijavutwa na chochote, hapo ndipo najisikia naendesha. Sijui kama naeleweka.

Klachi Mbili:
Unaeleweka. Nilikuwa nacho, nakikumbuka, na kukikosa kunaniuma kuliko unavyodhani. Ndiyo maana neno lako lilinichoma. Mtu aliyeacha kitu kwa hiari na mtu aliyenyang'anywa si sawa.

Mpita Njia:
Kwa hiyo tumekubaliana 981 ya gia ya mkono?

Dada Turbo:
Nani amekubali?

Kona Ndefu:
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Niliudhika na neno bomu, nikasema nimwoneshe fundi. Nimeikata filta. Nimetandaza karatasi juu ya beseni, nikafungua mkunjo mmoja mmoja na kisu kidogo, mkono unatetemeka kabisa. Sumaku imetoka safi. Cha kung'aa sikuona. Kamera tumeingiza, silinda tano ziko vizuri, michoro ya kiwandani bado inaonekana. Ya sita ina alama mbili nyembamba za wima. Kucha ukiipitisha katikati ya hewa unadhani utazihisi, lakini huwezi kuingiza kidole mle, unaangalia picha tu na kuwaza. Fundi wangu anasema zinaweza kukaa hivyo miaka, au zisikae.
Ndipo nikarudi kusoma alichoandika Fundi Spana. Nakiri mara ya kwanza niliishia kwenye neno bomu, aya ya pili sikuisoma. Ile ya 2009, stelingi haidroliki na injini isiyo na shafti ile. Humu tumeandika yote haya na hakuna hata mmoja aliyeijibu. Kuna mtu ameiendesha? Nataka kujua mikononi ikoje, farasi nazijua.

Silinda Sita:
Mimi sijaiendesha. Nilitoka 986, Boxster ya kizazi cha kwanza, nikaingia 981.

Dada Turbo:
Sijawahi.

Klachi Mbili:
Ninayo. Cayman S ya 2009. PDK kwenye Cayman ilianza mwaka huohuo, kabla ya hapo otomatiki ilikuwa Tiptronic ya gia tano, na hakuna aliyeniuliza naendesha kizazi gani. Mliamua tu ni 981.
Nilitoka kwenye 987 kama yako, kwa hiyo nakujibu kwa mikono hiyohiyo. Injini ni nyingine, inavuta kwa ukali zaidi kuanzia katikati, na asubuhi inawaka na kelele za mafuta yanayopulizwa, utazisikia ukisimama nje. Stelingi ni ileile. Kule kuwa nyepesi kabla tairi hazijaachia, kupo. Jana jioni kwenye kona ndefu ya kulia, barabara ina kiraka cha lami mpya, nilijua nimekikanyaga na tairi gani kabla sijasikia mlio. Ya gia ya mkono ipo pia ya mwaka huo. Ukiipata, itafute iliyo na kitabu cha sevisi kilichojazwa, na kamera ingiza hata kama muuzaji atanuna.

Fundi Spana:
Na filta ukate.