Tupeane uzoefu: baiskeli na maisha ya kila siku msimu wa moto wa nyika

Kanyagia
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoishi na kuendesha baiskeli mahali ambapo moto wa nyika huja kila kiangazi, na moshi wake hukaa siku kadhaa au hata wiki. Tupeane mambo ya kufanya, na namba zake: unatazama kipimo gani, unaacha kutoka lini, barakoa ipi, chumba unakisafishaje, baiskeli unaitunzaje. Atakayeleta ushauri aulete na sababu yake, kwa kuwa ushauri usio na sababu huachwa siku ya kwanza mtu akichoka.

Darubini
Tuanze na kipimo. Kwenye moshi cha kuogopa zaidi ni PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Chembe hizo hupita pua na koo zikashuka hadi kwenye vifuko vya mapafu.

Usisome rangi ya ramani peke yake. Soma mikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, maana nchi hazitumii ngazi moja. Kwenye AQI, yaani kipimo cha ubora wa hewa cha Marekani, baada ya marekebisho ya 2024, AQI 100 ni mikrogramu 35.4, AQI 150 ni 55.4 na AQI 200 ni 125.4. Kanada wana kipimo chao kinachoanzia 1 na kupita 10, kwa hiyo "7" ya kwao si "7" ya kwingine. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15.

Mitego ni miwili. Namba rasmi hukokotolewa kwa saa kadhaa, hivyo moshi ukiingia ghafla namba hubaki nyuma. Vifaa vidogo vya kupimia vya majumbani, kama vya PurpleAir, husoma kila baada ya dakika chache, lakini kwenye moshi wa miti husoma juu kuliko hali halisi. Kwenye ramani yao chagua masahihisho ya EPA (shirika la mazingira la Marekani) kwanza, ndipo uamini unachokiona.

Pumzi Moja
Hiyo ya Darubini ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni lita za hewa unazovuta.

Mtu aliyekaa huvuta kama lita 7 kwa dakika. Anayekanyaga kwa nguvu ya kati huvuta kama 50, na mwanamichezo anayepanda mlima kwa kasi hupita 100. Sasa piga hesabu. Saa moja umekaa kwenye mikrogramu 150: lita 420, yaani mita za ujazo 0.42, umeingiza mikrogramu 63. Saa moja unakanyaga kwenye mikrogramu 50: mita za ujazo 3, umeingiza 150. Siku inayoonekana "afadhali" imekupa zaidi ya mara mbili ya aliyekaa kwenye moshi mzito. Juu ya hapo, ukihema kwa mdomo unaikosesha pua nafasi ya kuchuja chembe kubwa.

Kwa hiyo punguza vitu vitatu kwa pamoja: uchafu wa hewa, nguvu na muda. Mipaka ninayoitetea kwa mtu mwenye afya, kwa mikrogramu na si kwa AQI, ni hii. Chini ya 35 endesha, ila acha mazoezi ya kasi na vilima virefu. Kati ya 35 na 55, safari fupi tu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ikipita 55 usifanye mazoezi nje. Ikipita 125 hata safari ya kazini itafutie njia nyingine. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, mjamzito, mtoto na mzee wasimame kwenye 35. Mwenye pumu awe na dawa ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi la nyuma ya kiti.

Kifua kikibana, moyo ukienda mbio hata baada ya kupumzika, au kichwa kikiuma pamoja na kizunguzungu, shuka. Usimalizie "kilomita mbili zilizobaki". Maumivu ya kifua yasiyoisha ni ya hospitali.

Kanyagia
Ahsante mkuu. Wengi husema asubuhi na mapema ndiyo salama. Ni kweli?

Mlima Mkali
Mara nyingi ni kinyume, hasa bondeni. Usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa, ya juu inabaki na joto, na ile ya joto hukaa kama kifuniko. Moshi hunaswa chini mpaka jua lipashe ardhi na kifuniko kivunjike, na hapo inaweza kuwa saa nne au tano. Lakini ukiwa karibu na moto wenyewe, mchana ndio mbaya: joto na upepo huuchochea na moshi mpya hutoka. Dawa ni kufungua kumbukumbu ya kipimo cha karibu nawe, uone siku tatu zilizopita namba zilishuka saa ngapi. Mahali pako pana tabia yake.

Hewa Safi
Barakoa. Kitambaa, skafu na vitambaa vya kuvaa shingoni huzuia majivu makubwa tu. Chembe za moshi nyingi ziko chini ya mikroni 1, kwa hiyo unahitaji N95 au FFP2, yaani barakoa za daraja la kuchuja chembe ndogo, na iliyobana. Ya mikanda miwili ya kuzunguka kichwa hubana vizuri kuliko ya masikioni.

Vaa kabla ya kofia ngumu. Mkanda wa chini upite chini ya masikio hadi shingoni, wa juu ukae kisogoni juu. Bana chuma cha pua kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa sababu ukibana kwa mkono mmoja huacha pembe katikati na hewa hupita. Funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu: ukisikia hewa machoni, rudia. Miwani ikifanya ukungu njiani, ni chuma cha pua kimelegea. Ndevu zikipita chini ya ukingo, hakuna barakoa ya aina hii itakayobana.

Usiifue wala kuipulizia spiriti, kwani nyuzi zake hunasa chembe kwa chaji ya umeme na spiriti huiondoa. Ikilowa jasho, ikiwa chafu au ikiwa nzito kuvutia pumzi, itupe. Na haizuii kaboni monoksaidi wala gesi nyingine, kwa hiyo si kibali cha kupita kando ya moto.

Darubini
Naongezea: lenzi za machoni ziache nyumbani, majivu huingia chini yake. Vaa miwani inayozunguka pembeni. Taa nyeupe ya mbele iinamishe, moshi huirudisha machoni kwako.

Hewa Safi
Kuhusu chumba: chagua kimoja, cha kulala, kisafishe hicho badala ya kupigania nyumba nzima. Kisafisha hewa kiwe na kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana. Kisiwe cha kutengeneza ozoni, maana ozoni yenyewe huumiza mapafu.

Kisicho ghali ni sanduku lililobuniwa mwaka 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal. Chukua vichujio 4 vya MERV 13 (MERV ni daraja la uchujaji wa hewa) vya inchi 20 kwa 20, uvisimamishe kama kuta nne, mishale ya mwelekeo wa hewa ikitazama ndani. Chini weka boksi la karatasi ngumu. Juu weka feni bapa ya inchi 20 ikipuliza kwenda juu. Ziba kila ungio kwa gundi ya utepe. Halafu kata karatasi ngumu yenye tundu la duara la inchi 14 hadi 15 uifunike feni. Wengi huruka hatua hiyo, kumbe pembe za feni hurudisha hewa ndani na kazi hupungua. Badilisha vichujio vikiwa vya kahawia au vikinuka.

Anayekanyagia baiskeli ya ndani aifanyie hapo hapo, na asikaange wala kuchoma ubani muda huo. Ila joto nalo huua: chumba kilichofungwa kikizidi joto na huna kipozeo, hamia jengo lenye hewa iliyochujwa.

Fundi Spoku
Majivu yakikutana na maji huwa magadi, na magadi hula alumini. Yakikutana na oili ya cheni huwa msasa. Kwa hiyo usiyapulize kwa kompresa wala kuyapiga brashi makavu, utayavuta puani. Nyunyizia maji kidogo, futa kwa kitambaa, suuza kwa maji mengi, kausha siku hiyo hiyo. Vaa glovu na barakoa: majivu ya nyumba zilizoungua huweza kuwa na metali nzito na asbesto.

Msimu huu weka nta kwenye cheni badala ya oili. Ukibaki na oili, tone moja kwa kila pingili, subiri, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke safi. Miguu ya shokapu ifute kabla ya kuibonyeza, vumbi likiingia kwenye sili huchuna chuma. Raba za breki za rimu zichokoe chembe kwa ncha ya sindano. Pedi za diski usizikaribie na mafuta.

Mlima Mkali
La mwisho kwangu ni njia zenyewe. Moto ukiwa hai usikimbilie kilimani: kwa kanuni ya wazimamoto, kasi yake huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, nawe kwenye mwinuko huo unapungua. Ondoka amri ya kuhama ikitolewa, si moto ukionekana. Nguo ziwe za pamba au sufu, kwa kuwa nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia ngozi.

Moto ukizimika, subiri njia ifunguliwe rasmi. Mizizi iliyoungua huacha mashimo yaliyofunikwa majivu, gurudumu la mbele huzama ghafla. Miti iliyosimama huanguka hata bila upepo. Na mvua ya kwanza kubwa huteremsha tope na mawe kwenye miteremko iliyoungua, hivyo mawingu yakijikusanya usiingie bondeni chini yake.