Tabora: shule ya kata ya mjini au ile ya pembeni yenye hosteli? Naomba tulinganishe

Mama Neema
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu amemaliza darasa la saba, Januari anaanza kidato cha kwanza. Amepangiwa shule ya kata hapa mjini, dakika 20 kwa mguu kutoka nyumbani. Shemeji yangu anashauri nimhamishie shule nyingine ya kata, pembeni ya manispaa, yenye hosteli ya wasichana ambayo wazazi wanachangia chakula. Zote ni za serikali, hazina ada. Nimefungua matokeo ya kidato cha nne ya NECTA, Baraza la Mitihani. Ya mjini ina divisheni one na two kadhaa, zile za juu, lakini ziro, yaani waliofeli, ni nyingi. Ya pembeni one hamna, wengi wako three na four, ziro za kuhesabu kwa vidole. Nimekwama. Ninyi mngemwacha wapi mtoto wa kike?

Mzee wa Isevya
Mjini, mama. Divisheni one zinaonyesha kuna walimu. Mtoto akiwa na bidii atakuwa kwenye hilo kundi la juu. Hapa hapa tuna Tabora Boys na Tabora Girls, angalia zinavyofaulisha. Mji huu una historia ya elimu, hata Mwalimu Nyerere alisoma hapa.

Ticha Hesabu
Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwa Tabora Boys na Tabora Girls naomba tusichanganye. Zile ni shule za vipaji maalumu. Wanaoingia wamechujwa kwa alama kutoka nchi nzima, wanakaa bweni, wana prepo (kujisomea darasani) kila usiku. Shule ya kata inapokea kila mtoto wa jirani aliyefaulu: wa mwalimu, wa bodaboda, na yule anayelelewa na bibi kwa sababu wazazi wako mashambani Kaliua. Ndiyo kazi yake tangu zilipojengwa kwa wingi chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanzia 2004. Kuzipima kwa rula moja ni kuwaonea walimu wa kata na watoto wao.

Mama Neema, nimefundisha shule za kata miaka mingi, kwa hiyo nakuomba usiishie kwenye idadi ya one. Fanya mambo mawili.

La kwanza, tafuta idadi ya waliosajiliwa kidato cha kwanza miaka minne nyuma, ulinganishe na waliofanya mtihani. Tuseme shule ilipokea watoto 180 na waliofanya mtihani ni 110. Wale 70 hawapo kwenye ukurasa wa NECTA, si one wala ziro. Baadhi wamehama au wamekariri kidato cha pili baada ya upimaji wa taifa, na wengine wameacha kabisa. Shule nyingine ikipokea 80 wakafika 72, wakapata three na four, mimi naihesabu kuwa imefanya kazi kubwa kuliko ile ya kwanza yenye one nne.

La pili, lile jedwali la juu kwenye ukurasa wa matokeo lina mstari wa F (wasichana) na mstari wa M (wavulana). Soma wa F peke yake. Mara nyingi divisheni nzuri za shule ya kata ni za wavulana, na ziro zimelundikana kwa wasichana. Wewe unampeleka binti.

Kisha shuka chini kwenye masomo, uone waliofanya Fizikia na Kemia ni wangapi. Wakiwa wachache sana, uliza kama walimu wa masomo hayo wapo.

Dada wa Kibirizi
Mimi nipo Kigoma. Huku mahudhurio yanafuata mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, dagaa wanavuliwa usiku kucha kwa taa, asubuhi mama na mabinti wako mwaloni wanaanika. Mvulana aliyevuta nyavu anafika shuleni kipindi cha tatu, analala juu ya dawati. Mwezi ukiwa mkubwa, darasa linajaa tena. Walimu wanajua, ila karatasi ya matokeo haisemi hayo. Naamini kwenu tumbaku inafanya vivyo hivyo majani yakianza kuingia kwenye mabani ya kukaushia.

Kuhusu hosteli: nilisoma shule ya kata mbali na nyumbani, tukapanga geto wasichana watatu. Tulipika kwa zamu, na jioni wanaume walikuwa wanagonga mlango. Mmoja wetu hakufika kidato cha nne. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyejifungua arudi darasani, lakini huyo alikuwa ameshaondoka zamani. Hosteli yenye matroni na uzio ningeilipia kwa furaha. Ila kalale uone kwanza: maji yako wapi, choo kiko wapi, taa inawaka hadi saa ngapi.

Mzee wa Isevya
Nimekusoma, Ticha. Sikuwa nimefikiria walioondoka njiani.

Mama Neema
Nimerudi. Nimefika shule zote mbili wiki hii. Ya mjini, ofisini kwa mkuu kuna ubao wa ikama, yaani idadi ya wanafunzi: WAV (wavulana), WAS (wasichana), JML (jumla) kwa kila kidato. Kidato cha kwanza wasichana wamewazidi wavulana. Nikashuka na kidole hadi cha nne, wasichana wamebaki chini ya nusu ya ile namba ya juu. Nikasimama pale, nikajisikia vibaya kweli. Mkuu alikuwa muungwana, hakuficha kitu. Darasa moja lina watoto wanne kwa dawati.

Ya pembeni, ubao haupungui sana. Mwalimu wa Fizikia hakuna tangu mwaka jana, anajitolea kijana aliyemaliza chuo. Hosteli ni safi, kisima kiko ndani ya uzio, wanakula makande. Wasichana walikuwa wanafua, mmoja anawasomea wenzake Baiolojia kwa sauti, kwa Kiingereza, anasimama kutafsiri kila sentensi.

Neema anataka udaktari. Hilo la Fizikia linaniuma.

Ticha Hesabu
Linauma kweli. Lakini Fizikia unaweza kumtafutia mwalimu wa likizo hapa mjini. Uzio huwezi kumtafutia. Andika barua ya uhamisho kwa mkuu wa shule aliyopangiwa, upate uthibitisho wa nafasi kule, upeleke kwa afisa elimu sekondari wa manispaa kabla shule hazijafunguliwa. Likizo ya Juni mlete kwangu, nitamfundisha Hesabu bure.

Mama Neema
Barua naiandika usiku huu.